Mwizi wa Uwanja wa Hawe

Kwanza nisameheni mwandiko. Herufi zangu hulala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na maneno mengine sina hakika yanaandikwaje, kwa sababu shule niliishia darasa la nane na kalamu nimeishika mara chache tangu hapo. Ninaandika polepole. Nikisikia mtu anakuja naficha karatasi chini ya mkeka. Lakini kuna mtu nataka mumjue, na kwa mdomo sitaweza kumsema, maana mbele za watu maneno hunikwama kooni. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Jina lake sitalitaja. Sisi wenyewe hapa Gede hatukulitumia. Tulimwita Bi Mkaguzi, kwa kazi yake. Mtu akitaka kubomoa nyumba ya zamani ajenge mpya, na ploti yake inapakana na msitu au na mikoko, ofisi ya vibali humtaka kwanza alete taarifa ya vitu vinavyoishi hapo: miti gani, ndege gani, nyoka, popo wa darini, hata majani ya chini. Anayekuja kuviangalia na kuiandika taarifa hiyo ndiye mkaguzi. Wetu alikwenda mpaka Magarini na Vitengeni, lakini chumba alipanga hapa, kwenye nyumba za safu kando ya barabara, nami nilikuwa mteja wake, au tuseme yeye ndiye mteja wangu. Nilimpelekea mahamri na mbaazi za hawe kila asubuhi tangu nikiwa darasa la tano. Hawe ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita nyanya. Mimi nimelelewa na hawe.

Kiswahili cha Bi Mkaguzi kilikuwa cha Malindi mjini, kimejaa na kimenyooka. Mimi akiniuliza jambo nilikuwa bado natafuta neno, yeye ameshajijibu mwenyewe. Kwa hiyo akanipa jina la Bi Kimya.

"Bi Kimya, mbaazi za leo zina nazi ya kutosha?"

Natikisa kichwa kukubali.

"Umeonja?"

Natikisa tena.

"Basi umekula changu. Punguza bei."

Halafu alicheka peke yake, akalipa bei ileile.

Alivyovaa kila mtu alimjua kutoka mbali. Buibui, na juu yake leso ameifunga kiunoni, na chini mabuti ya mpira ya kiume, makubwa kuliko miguu yake, yakipiga kwap-kwap. Darubini shingoni, mkeka kwapani. Watoto walimfuata wakiimba, "Bi Mkaguzi, umeona nini?" Yeye bila kugeuka: "Nimeona watoto wasiokwenda shule." Wakatawanyika wote, hata wale ambao shule ilikuwa imefungwa.

Alipofika kwenye ploti ya mtu, hakuanza na miti mikubwa. Alisalimia wenyewe kwa urefu, akauliza hali ya wagonjwa, akakubali maji, kisha akasema, "Sasa nionyesheni mnapomwaga maji." Watu walishangaa. Alitaka kuona pale nyuma ya jiko ambapo maji ya vyombo na ya kuoshea mchele humwagwa. Alisema kila kitu chenye uhai kwenye ploti hufika pale siku moja: chura kwa ajili ya unyevu, kenge kwa ajili ya chura, ndege kwa ajili ya punje. Kulikuwa na tajiri mmoja wa upande wa Watamu aliyemtembeza kwenye maua yake ya rangirangi, safu kwa safu. Bi Mkaguzi aliyasifu, akasema, "Haya umeyaleta wewe. Mimi nataka kuwaona waliokuja wenyewe." Akaenda kukaa kwenye mfereji wa jikoni, na mpishi wa tajiri akaona haya mpaka akaanza kusugua sufuria ambazo zilikuwa safi.

Kukaa ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa. Alitandika mkeka, akavua mabuti, akakaa kama mtu aliyekuja kusuka nywele. Alikula hamri taratibu. Inzi walimtembea mkononi asiwafukuze. Mafundi wa ujenzi hawakumpenda, kwa sababu walitaka mtu anayetembea na kamba na kuonyesha kidole. Fundi mmoja alimwambia, "Mama, hapo utaota mizizi." Akajibu, "Nikiota mizizi utaniandika kwenye taarifa." Mimi aliniambia siku moja, nilipomkuta hivyo kwenye ploti ya jirani, kwamba ukitembea unawaona wanaokimbia tu, lakini ukikaa unawaona wanaoishi. Nilikaa pale pembeni ya mkeka mpaka mahamri ya watu wengine yakapoa, na hawe akanigombeza.

Sasa msidhani alikuwa mtu asiye na kasoro. Alimwogopa kinyonga. Mtu aliyeweza kuingia kwenye dari lenye popo na kutoka akijikung'uta kama ametoka sokoni, akiona kinyonga alirudi nyuma mkono mdomoni. Siku moja alinituma mimi. "Bi Kimya, kamtazame pale kwenye mchongoma. Mkia wake umejikunja au umenyooka? Sema, mimi nitaamini." Nilimwambia umejikunja. Akaandika akiwa ameupa mchongoma mgongo.

Na kwake hapakuwa na jani hata moja. Ule uwanja wa nyumba za safu ulikuwa wa saruji tupu, na yeye ndiye aliyemshawishi mwenye nyumba aweke saruji, kwa sababu hakutaka matope. Aliufagia asubuhi, mchana na jioni. Mwenye duka la jirani alimwuliza, "Bi, unayatetea majani ya watu na kwako umeyazika?" Alisema, "Daktari naye hakai hospitali." Tulicheka, lakini baadaye nilifikiri halikuwa jibu.

Alikosea pia. Huko Magarini alimsimamisha mzee mmoja asikate mti, akidai kiota cha juu kina makinda. Mzee akangoja na mbao zake za kujengea zikaliwa na mchwa. Kumbe kiota kilikuwa kitupu, ndege walishahama kitambo. Bi Mkaguzi hakulipitisha hivihivi. Alirudi kwa mzee na kikapu cha tende, akakaa barazani kwake, akasema mbele ya wake zake na wanawe, "Nilitazama juu nikadhani nimeona. Nisamehe, baba." Mzee alimsamehe, lakini alikula tende zote bila kumkaribisha.

Nimeyasema hayo kwanza ili mjue ni mtu gani aliyekuja kwetu.

Nyumba ya hawe ilikuwa ya udongo na fito, paa la makuti, na ukuta mmoja wa chumba chake ulikuwa umeanza kulala. Tuliuegemeza na boriti. Mjomba wangu, mwanawe hawe, anafanya kazi Mombasa, naye alikuwa ameweka akiba ya kumjengea mamake nyumba ya mawe kabla ya mvua za masika. Lakini hawe alikataa kwenda kulala kwa watu wakati wa ujenzi. "Nilale kwa watu kama nimefukuzwa? Nitakaa humu mpaka ile imeezekwa." Kwa hiyo nyumba mpya haikuweza kukaa mahali pa ile ya zamani. Mjomba na fundi wakaamua ikae nyuma, baada ya jiko, pale penye kichaka kinachoungana na msitu. Na kwa kuwa ni ukingo wa msitu, ofisi ikataka ukaguzi.

Lazima niwaambie kuhusu uwanja wa hawe. Ulikuwa mbele ya nyumba, mpana, mwekundu, na hakuna aliyekuwa na uwanja kama huo. Watu walikuja kuwaozesha mabinti zao hapo. Tulianika mahindi hapo, tulipokea mahari hapo, babu alilazwa hapo kabla ya kuzikwa. Hawe alinifundisha kufagia kabla hata ya kunifundisha kupika: kwa ufagio wa chelewa, alfajiri, ukirudi nyuma, ili nyayo zako zisibaki. Ukimaliza, uwanja unabaki na mistari ya ufagio peke yake, kana kwamba umejifagia wenyewe. Hawe alisimama mlangoni akautazama, ndipo akanywa chai.

Basi tuliposikia mkaguzi anakuja, tulifanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya mgeni akija. Tulifagia. Na siyo uwanja tu. Hawe alisema mgeni huyu atataka kupita nyuma, hawezi kupita kwenye takataka. Tulifyeka chini ya kichaka, tukakusanya majani makavu ya mkanju, yaani mkorosho, tukayachoma. Tulipiga chokaa shina la mkanju. Pale tunapomwaga maji tulimwaga mchanga mpya. Mpaka jioni palikuwa peupe hadi kwenye miti ya msitu, na mikono yangu ina malengelenge.

Bi Mkaguzi alifika asubuhi, akasalimia, akakubali maji ya dafu, akasema, "Sasa nionyesheni mnapomwaga maji." Hawe akamwongoza mwenyewe, shingo ameinyoosha.

Bi Mkaguzi alisimama pale nyuma. Alitazama chini, akatazama chokaa, akatazama jivu.

"Nani kafagia?"

"Mjukuu wangu," hawe akasema. "Na mimi nikasaidia. Mpaka kule."

"Mpaka kule?"

"Mgeni ataingiaje kwenye uchafu, mwanangu? Utasema umekuja kwa watu gani?"

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko natazama kupitia ufa. Nilijua uso wa Bi Mkaguzi kwa miaka, na sikuwahi kuuona vile. Alikuwa anataka kucheka na anataka kulia. Alikaa juu ya kinu, bila hata kutandika mkeka.

"Bibi," akasema, "wallahi uwanja wako ni msafi kuliko nyumba nyingi za Malindi. Lakini mimi nimekuja kuwaona wanaokaa hapa, na nyinyi mmewafukuza."

"Wanaokaa hapa ni mimi na huyu aliyejificha mlangoni."

"Na wengine."

"Wengine gani? Sisi hatuna wapangaji."

Bi Mkaguzi hakuweza kuandika kwamba hakuna kitu, na hakuweza kuandika kilichokuwepo, kwa sababu hakukiona. Akatuambia tuache. Tusifagie, mbele wala nyuma, mpaka majani yaanguke na kulala tena, ndipo atarudi. Alipoondoka hawe alibaki ameshika kiuno. "Amesema tusifagie? Mbele pia?" Nikatikisa kichwa. "Mpaka lini?"

Hizo zilikuwa siku ngumu kwa hawe. Boriti ilikuwa inashika ukuta, na upande wa bahari mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya alasiri na kutawanyika. Kila upepo ukivuma hawe alinyanyua macho kwenye ukuta. Alihamisha kitanda chake upande wa pili. Mjomba alipiga simu kila jioni: "Yule bibi amemaliza?" Bado. "Anangoja nini?" Anangoja majani. Mjomba alikata simu.

Lakini naona ukuta haukumwumiza kama uwanja. Majani ya mkanju yalipeperukia mbele, yakajikunja, yakatembea na upepo mpaka mlangoni, na hawe akayaruka kama mtu anayeruka nyoka. Watu walipita njiani wakatazama. Mama Kadzo, jirani yetu, ambaye ulimi wake haulali, alisimama kabisa.

"Hawe, kwani mumehama?"

"Tupo."

"Basi muna mgonjwa? Mbona uwanja hivi?"

"Hatuna mgonjwa. Tumefuga majani."

"Munafuga majani!"

"Ndiyo. Yakizaa nitakuletea mawili."

Mama Kadzo alicheka mpaka akaishika miti ya ua. Hawe naye alicheka, lakini alipoingia ndani alikaa kitandani akautazama ufagio uliosimama pembeni. Alfajiri moja nilimkuta ameuchukua, anafagia chini ya kitanda chake, polepole, akirudi nyuma.

Bi Mkaguzi aliporudi, alinyoosha mkeka wake kwenye majani pale nyuma ya jiko na akakaa. Siku hiyo aliniita nikae naye. Tulikaa muda mrefu. Alikuja chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, kwenye ua la mbaazi, akaja mjusi, wakaja mashomoro. Kisha nikasikia sauti kwenye majani: ta-ta-ta, kama mtu anapiga kidole kwenye karatasi. Bi Mkaguzi alinishika goti.

Alitoka kichakani mnyama wa ukubwa wa sungura mdogo, miguu myembamba, pua ndefu inayocheza huku na huku, na nyuma, kwenye matako, manyoya ya rangi ya dhahabu kama amekalia rangi mbichi. Alikuwa anapekua majani kwa pua. Alibeba jani mdomoni, akarudi nalo, akaja kubeba lingine. Nilikuwa nimewahi kumwona akivuka njia, mbio, nikadhani ni panya mkubwa. Wengine humwita sange. Bi Mkaguzi aliniambia kwa pumzi tu kwamba huyu haishi popote ulimwenguni isipokuwa kwenye misitu yetu hii ya pwani, na kwamba hachimbi shimo, hujenga rundo la majani makavu na kulala ndani yake. Anayefagia majani amembomolea nyumba.

Nilifikiria malengelenge yangu na lile jivu.

Rundo lake jipya lilikuwa pale fundi alipochora chumba cha kulala.

Mjomba alikuja kutoka Mombasa siku ya mapumziko. Walikaa uwanjani, juu ya majani: mjomba, fundi, Bi Mkaguzi, na hawe kwenye kigoda. Mimi nilileta chai. Mjomba ni mtu mwema lakini alikuwa amechoka.

"Kwa sababu ya panya?" akasema.

"Si panya," Bi Mkaguzi akasema.

"Ana pua, ana meno, anakaa kwenye takataka."

"Hata wewe ulikuwa hivyo ulipokuwa mdogo," hawe akasema.

Fundi akapaliwa na chai. Mjomba akangoja kicheko kiishe.

"Dada yangu," akamwambia Bi Mkaguzi, sasa kwa upole, "huu ukuta umeuona. Mvua iko pale. Ukiandika kuna mnyama kichakani, ofisi watanirudisha, watasema chora upya, leta karatasi hii, leta ile. Mama atalala wapi? Wewe andika hakuna kitu. Nani atajua?"

Bi Mkaguzi alikuwa anazungusha kikombe. Nilidhani atakuwa mkali, kama alivyokuwa na mafundi. Hakuwa mkali.

"Mimi siandiki hakuna kitu," akasema. "Hakuna mahali ambapo hakuna kitu. Hata kaburi lina siafu. Nitaandika nilichoona, baba. Na ukuta nimeuona, na kama utamwangukia mama yako mimi sitapata usingizi. Lakini nitaandika."

Upepo ukapita na majani yakatembea miguuni mwetu. Hawe aliyatazama. Kisha akaunyoosha mkono wake mbele, akauzungusha kwenye uwanja wote, kutoka ua mpaka mlango.

"Nyumba si inaweza kukaa hapa?"

Fundi akasema, "Hapa inakaa, Hawe. Lakini uwanja utakwisha. Baraza itagusa njia."

"Nimeuliza inakaa au haikai."

"Inakaa."

"Basi ije hapa. Kule nyuma pabaki."

Mjomba akasema, "Mama, huu uwanja..."

"Ni wangu," hawe akasema. "Na ule ukuta ni wangu. Wewe una haraka, huyu ana kalamu, yule kule ana majani yake. Mimi ndiye mwenye uwanja." Kisha akaongeza, kana kwamba anauliza kitu kidogo, "Sasa naruhusiwa kufagia hapa mbele?"

Bi Mkaguzi akasema unaruhusiwa, mama, fagia. Kesho yake alfajiri hawe aliufagia uwanja wote peke yake, akakataa nimsaidie, na mafundi walipokuja na kamba zao walikuta mistari mitupu, wakasimama njiani kwanza kabla ya kukanyaga.

Ofisi haikuwa na neno, kwa kuwa kichaka hakiguswi. Mafundi walikimbizana na mawingu. Vyumba viwili vilikuwa vimeezekwa mabati tulipohamia, milango bado, na katika mvua kubwa za mwanzo ule ukuta wa zamani ulilala wote, boriti na yote, upande ule hasa ambapo kitanda cha hawe kilikuwa kabla hajakihamisha. Asubuhi tulisimama tukautazama. Hawe akasema, "Ona, umengoja." Palipokuwa na nyumba tukaweka jiko na tangi la maji, na kipande kidogo kikabaki wazi kabla ya kichaka.

Nisiwadanganye kwamba hawe alifurahi tangu siku hiyo. Alilalamika mpaka mwisho. Wageni aliwapokea kwenye baraza nyembamba, magoti yao yakiwa karibu njiani, na mbuzi wa watu wakipita walinusa chai. Kila Bi Mkaguzi alipokuja kututembelea, naye alikuja mara nyingi, hawe alisema kwa sauti ili jirani asikie, "Mwizi wa uwanja wangu amekuja!" Bi Mkaguzi akajibu kutoka njiani, "Mwizi amekuja na sukari!" Waliketi, wakanywa chai tamu kupita kiasi, wakaulizana kuhusu yule wa kichakani kama wanaulizana kuhusu mkwe. Anakula? Anakula. Amezaa? Nani ajuaye, anatoka mbio. Hawe hakuwahi kumwita sange. Alimwita mpangaji.

Kisha Bi Mkaguzi akaanza kuumwa magoti. Aliacha kazi, akarudi Malindi kwa jamaa zake, na kile chumba cha saruji kikapangishwa kwa mtu mwingine. Mahamri yangu yalikosa wa kuyatania. Miaka ikapita hatukumwona, ila salamu.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa matanga ya hawe.

Hawe alifariki kwa uzee, kitandani, ndani ya kuta za mawe. Watu walikuja wengi, na mbele hapakuwa na pa kuwaweka. Walisimama njiani na ndoo zao na kuni zao. Wanaume walikuwa wameleta turubai, na wengine walikuwa na mapanga, wakisema itabidi kule nyuma pafyekwe. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko. Nilijua la kusema, na lilikuwa limekwama palepale linapokwama siku zote.

Ndipo nikasikia sauti kutoka njiani.

"Hodi. Mwizi wa uwanja amekuja."

Alikuwa ameshika fimbo, amekonda, mabuti hakuwa nayo, amevaa ndara. Alisema vile kwa sauti ileile, na akasimama kungoja kujibiwa, na wa kumjibu hakuwepo. Watu walimgeukia.

"Karibu," nikasema. Ilitoka kubwa, watu wakanitazama mimi. "Karibu, Bi. Umekuja na nini?"

Akanigeukia. "Leo sikuja na sukari, Bi Kimya," akasema. "Nipe ufagio."

Nilimpa ule wa hawe. Alikwenda nyuma kwa fimbo yake, mpaka kwenye ukingo wa kichaka, akanipa fimbo niishike, akainama na magoti yake mabovu, akaanza kufagia. Alianzia pale majani ya kichaka yanapoishia, hakuvuta hata moja, akaja akirudi nyuma kuelekea jikoni, polepole, kama hawe. Wanaume wenye mapanga walisimama. Wanawake walitaka kumpokea ufagio, akakataa kwa kichwa. Alipofika mlangoni kile kipande kizima kilikuwa mistari mitupu, hakuna unyayo, na kule mwisho majani yamelala yalivyolala.

Mmoja wa wanaume akasema, "Sasa turubai litaishia wapi?"

Mjomba wangu, ambaye macho yake yalikuwa mekundu, akaonyesha kidole kwenye mwisho wa mistari. "Hapo. Msipite hapo. Hapo ni kwa mpangaji wa mama."

Bi Mkaguzi alikaa na sisi mpaka alasiri. Aliniuliza kama mpangaji yupo. Nikamwambia tangu watu waanze kujaa sijamsikia. "Atarudi wakienda," akasema. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka barabarani, na sijamwona tena.

Alirudi. Si Bi Mkaguzi, yule mwingine. Nilimsikia wiki iliyofuata, ta-ta-ta, nikiwa nimekaa pale tunapomwaga maji na karatasi hizi.

Mimi sasa ndiye nifagiaye mbele peke yangu. Hapachukui muda. Nyuma sifagii, na Mama Kadzo bado huniuliza majani yamezaa mangapi. Wewe uliyesoma mpaka hapa na mwandiko huu, kama kwenu kuna mahali hapafagiwi, niandikie uniambie ni wapi, na ni nani aliyesema pasifagiwe. Hata ukiandika vibaya nitasoma. Nasoma polepole, lakini nasoma yote.